Maziwa ya Mama Jeho

Maziwa hayakujua kwamba mtoto amekufa. Yalikuja asubuhi kama kawaida yake, yakaja tena jua lilipopanda, na kila mtoto wa jirani alipolia yalikuja hata kama nimeziba masikio. Mama mkwe wangu, Ankhet, alinifunga kifua kwa kitambaa cha kitani, akakikaza kwa goti kama mtu anayefunga mzigo wa punda, na kabla mkate haujaiva kitambaa kilikuwa kimelowa. Basi nilikuwa nakwenda nyuma ya nyumba, penye ukuta unaotazama tanuri za vyungu, nainama, najikamua juu ya udongo. Chini ya udongo ule alikuwa amelala Jeho.

Tulimzika ndani ya mtungi. Baba yake, Pakhom, alikuwa mfinyanzi katika tanuri kubwa za Wennofri, na siku ile alipita katikati ya mitungi yote iliyopangwa uani, anagonga mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kama una ufa. Ilikuwa mitungi ya bia na ya nafaka, iliyokuwa ikisubiri wenyewe waje kuichukua. Aligonga, akasikiliza, akaacha, akaenda mwingine. Wenzake waliacha kazi wakamtazama. Jua lilikuwa linazama alipopata aliouridhia, akaukata shingo kwa msumeno, polepole, ili mdomo wake upanuke mtoto apite. Kisha akasugua ukingo kwa jiwe mpaka ukawa laini. Nilimwona akipitisha kidole pale kuhakikisha haukwaruzi.

Baada ya maziko watu waliacha kuniita Mama Jeho. Sikuwalaumu. Hawakujua waniite nani. Wengine walirudi kwenye jina langu la usichana, Tamin, na wengine walinisalimu bila jina, wakapita haraka.

Nesmin, mganga wa hekalu, alimtuma mtu kuomba maziwa yangu. Kila mtu wa mji wetu wa Gebtu anajua kwamba maziwa ya mwanamke aliyezaa mwana wa kiume ni dawa: ya macho, ya kifua cha watoto, na hasa ya kuungua moto. Ni kwa sababu ya mungu wetu Aset, mama wa mungu Hor. Wayunani wa penye maghala wanamwita Isis na kumvisha nguo za kwao, lakini kwetu ni Aset, na mwanamke yeyote anayenyonyesha mwana wa kiume anakuwa ameshika nafasi yake kidogo, kama mtu aliyeachiwa kiti akilinde. Nilimwambia yule mtu arudi alikotoka. Maziwa yale yalikuwa na mwenyewe.

*

Jeho alikufa katika zile siku tano za mwisho wa mwaka ambazo hazimo katika mwezi wowote. Maji ya mto yalikuwa yameanza kushuka, lakini nge waliopandishwa na mafuriko walikuwa bado hawajarudi mashimoni. Katika siku hizo watu wa kwetu hufunga milango. Husemwa kwamba maradhi hutembea barabarani yakitafuta nyumba iliyo wazi, kwa hiyo kila mtu hujifunga kitambaa chenye mafundo shingoni, akakaa ndani na watu wake, akasubiri mwaka mpya.

Nilikuwa napeta dengu uani. Jeho alikuwa amejifunza kutambaa, ila alikuwa anatambaa kinyumenyume, na jambo hilo lilimkasirisha, kwa sababu kila alichokitaka kilizidi kuwa mbali. Nilikuwa nacheka. Nakumbuka hilo vizuri, kwamba kilio chake kilinikuta nikicheka. Nge alitoka chini ya mkeka, akaenda zake bila haraka.

Nilimnyakua mtoto nikakimbilia nyumba ya Wennofri. Haikuwa mbali, na katika ua wake lilikuwapo jiwe ambalo mtaa mzima wa wafinyanzi ulilitumia: jiwe jeusi, limechongwa Hor angali mtoto, amesimama juu ya mamba, ameshika nyoka na nge mikononi, na mama yake yuko pembeni. Maji yakimwagwa juu ya jiwe lile na kukingwa chini, aliyeumwa akanywa, mara nyingi hupona. Sisemi kila mara. Lakini ndivyo tulivyofanya sote, na mlangoni pale hakuna aliyewahi kuzuiwa.

Siku ile ulikuwa umefungwa. Niligonga kwa kiganja, halafu kwa ngumi.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Herankh, mke wa Wennofri.

"Mimi Tamin, mke wa Pakhom. Fungua, Mama Pamiu, mtoto kaumwa na nge."

Kisha sauti yake tena, karibu sana, nyuma tu ya ubao. "Unazijua siku zilizoko. Pamiu ana homa tangu jana. Siwezi kufungua."

"Usifungue. Nipitishie maji ya jiwe juu ya ukuta. Kwenye kibakuli tu. Nitasimama huku."

Hakujibu. Nilisubiri. Jeho alikuwa analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti nyembamba, na mkono wake ulikuwa umeshika ukosi wa nguo yangu. Niligonga tena, nikaita tena. Nyuma ya mlango hapakuwa na kitu. Ndipo nilipogeuka nikakimbia kwenda hekaluni, ambako ni mbali, kupitia mtaa wa wafuma nguo, na kila nyumba niliyopita ilikuwa imefungwa.

Karibu na lango la nje la hekalu aliacha kulia. Nilifurahi. Nilidhani ametulia. Hatua chache mbele, vidole vyake viliachia nguo yangu.

Nesmin alitoka akiwa bado anatafuna. Alimtazama mtoto, akameza alichokuwa nacho mdomoni, akamwaga maji midomoni mwake ingawa alishajua. Kisha akanishika bega akaniambia nikae chini.

*

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa maneno matamu, lakini alijaribu. Tulikuwa tunasaga shayiri, yeye upande wake wa jiwe, mimi upande wangu.

"Hata Aset alifungiwa mlango," akasema. "Alikuwa amechoka, anatafuta mahali pa kulala na wale nge wake saba, na bibi tajiri akamwona kwa mbali akafunga. Wewe si wa kwanza."

"Mama, Hor wake naye aliumwa akapona."

Akaongeza shayiri juu ya jiwe. "Ndiyo," akasema mwishoni. "Wake alipona." Akaweka mkono wake wenye unga juu ya wangu, akaondoa, tukaendelea. Hakuitaja tena habari hiyo.

Pakhom hakuzungumza kabisa. Aliendelea kufanya kazi kwa Wennofri, kwa sababu hapakuwa na tanuri nyingine, na kila asubuhi alipita mbele ya mlango ule. Nilitaka awachukie wenye mlango ule kwa sauti kubwa ili nisikie. Alirudi jioni, akaosha mikono, akala mkate na vitunguu, akalala. Nilidhani hana uchungu. Nilikuwa kijana bado. Sikujua kuna watu ambao uchungu wao hauna mdomo.

*

Mbegu zilikuwa ndiyo kwanza zinatoa majani mashambani tuliposikia kelele kutoka kwenye tanuri. Ilikuwa asubuhi. Wafinyanzi hupiga kelele mara nyingi, wakivunjikiwa na kazi au wakitaniana, kwa hiyo hatukuinua vichwa. Kisha kelele zikageuka, zikawa za wanawake.

Haukupita muda mrefu Herankh akaja. Alikuwa hana viatu wala kilemba, na nguo yake ilikuwa na majivu mapajani mahali alipokuwa amempakata mtu. Alisimama mlangoni petu bila kukanyaga kizingiti. Mimi nilikuwa ndani, gizani, nikamwona, yeye hakuniona. Ankhet ndiye aliyeinuka.

"Aa," akasema mama mkwe wangu. "Kumbe njia ya huku unaijua."

"Nimekuja kwa Mama Jeho."

Nilishtuka. Tangu maziko hakuna aliyekuwa amelitamka jina hilo.

"Hapa hakuna Mama Jeho," Ankhet akasema. "Jeho yuko nyuma ya nyumba. Kamuulize yeye."

Herankh akakaa chini pale pale, nje ya kizingiti, kwenye vumbi. Mke wa Wennofri, ambaye hata kisimani alitandikiwa kitu. "Nitukane baadaye, mama. Nitakuja nikae hapa unitukane mpaka uchoke. Pamiu kaanguka kwenye shimo la majivu. Juu yalikuwa meupe, tukadhani yamepoa. Kaungua miguu na tumbo. Nesmin anataka maziwa ya aliyezaa mwana wa kiume, yatoke leo hii, yakiwa na joto lake. Mke wa mchonga mihuri kaenda kwao. Taesi kazaa msichana. Hakuna mwingine mtaa mzima."

"Na sisi siku zetu leo mbaya," Ankhet akasema. "Hatufungui."

Aliyasema maneno hayo polepole, moja moja, na nikajua alikuwa ameyatunza kwa ajili ya siku kama ile. Herankh aliinamisha kichwa. Hakuondoka.

Nitasema nilichohisi, maana watu wakisimulia habari hii leo wananiwekea moyo ambao sikuwa nao. Nilihisi furaha. Ilikuwa ndogo na ya baridi, ikapita kama samaki anavyopita mguuni mwako majini, lakini ilikuwa furaha. Nilijiambia: sasa na yeye akimbie. Apite mtaa wa wafuma nguo. Na yeye ahesabu milango.

Ndipo Pakhom akaingia. Alimpita Herankh bila kumtazama, akaenda moja kwa moja kwenye mtungi wa maji, akatumbukiza mikono yote miwili mpaka viwikoni. Nyusi zake hazikuwapo. Ngozi ya mikono ilikuwa nyekundu, na mahali pengine ilikuwa imeanza kuinuka.

"Ni wewe uliyemtoa?" mama yake akamwuliza.

"Nilikuwa karibu."

"Ulikuwa karibu," Ankhet akarudia. Akamtazama mwanawe, akamtazama mwanamke aliye kwenye vumbi, akakosa pa kuiweka hasira yake.

Mimi nikatoka gizani. "Bado analia?" nikamwuliza mume wangu.

"Alikuwa analia," akasema. Mikono yake ilikuwa bado ndani ya maji. "Sasa ameacha."

Hakuniambia nenda, wala hakuniambia usiende. Lakini maneno yale niliyajua mpaka ndani ya mifupa. Nilijua mtoto aliyeacha kulia ana maana gani, na nilijua kwamba mwanamke yule hakujua. Alikuwa ameinua uso, na usoni mwake, nilipoutazama, kulikuwa na nafuu kidogo. Alidhani ametulia.

Nikavuka kizingiti nikampita. "Inuka," nikamwambia. "Tembea upesi."

Ankhet alipaza sauti nyuma yetu kwamba nikienda nisirudi kumlilia yeye. Tulikuwa hatujafika kwenye tanuri niliposikia kandambili zake. Alikuwa anatufuata, anahema, ana kitani safi begani. "Kitambaa chenyewe umekisahau," akasema. "Mjinga mkubwa wewe. Utamfunika na nini, na maneno?"

*

Mlango wa Wennofri ulikuwa wazi, mbao zote mbili zimesukumwa mpaka ukutani. Nilipita. Sikujua kama miguu yangu ingekubali, ikakubali. Jiwe lilikuwa pale pale kwenye kona ya ua, limelowa, maji yanadondoka kutoka kwenye mikia ya mamba. Walikuwa wamejaribu kila kitu.

Pamiu alikuwa amelazwa kwenye mkeka chini ya mizabibu. Jina lake lingine silikumbuki, jina la hekaluni. Pamiu maana yake paka dume, na aliitwa hivyo kwa sababu ya mashavu. Wakati ule alikuwa mtoto wa kukimbia na kusema maneno yote. Alikuwa ametulia, macho nusu wazi. Siwezi kueleza miguu yake.

Nesmin alikuwa amechuchumaa na bakuli la dawa, lenye gundi ya mti na manyoya ya kondoo dume. "Kamua humu," akasema. "Haraka."

Niligeukia ukuta, nikafungua kitambaa. Maziwa yale ambayo yalinisumbua mchana na usiku, yaliyokuja bila kuitwa, hayakuja. Nilijikamua mpaka nikaumia. Halikutoka tone. Mwili ulikuwa umefunga mlango wake.

"Hayaji," nikasema.

"Yatakuja. Tuanze na maneno." Nesmin hakuwa mpole, na sijui kama nilihitaji mpole. "Mimi ni mjumbe, nakuletea habari. Wewe unajibu kama Aset. Unayajua?"

"Nayajua." Nani asiyeyajua. Huwa tunayasema kwa mchezo mtoto akiungua kidole.

Akabadilisha sauti, akaitoa kifuani. "Mwanao anaungua jangwani, na wewe hupo."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia tangu utotoni, na siku ile ndipo nilipoyasikia kweli. Na wewe hupo. Nikajibu, "Nimefika. Mtoto yuko wapi?"

"Siyo mtoto," Nesmin akasema kwa sauti yake ya kawaida. "Mwanangu. Aset hakwenda jangwani kumtafuta mtoto wa jirani. Rudia."

Nilifungua mdomo. Lile neno lilikuwa limelala nyuma ya nyumba, ndani ya mtungi uliosuguliwa ukingo, na nilikuwa sijampa mtu yeyote ruhusa ya kulichukua. Herankh alikuwa amesimama karibu na jiwe, mikono imeshikana mdomoni. Hakuniomba. Ankhet alikuwa mlangoni na kitani chake. Kila mtu alisubiri, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya ua ule kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Pamiu akageuza kichwa. Sidhani kama aliniona mimi. Aliona mwanamke. "Maji," akasema.

"Mwanangu," nikasema.

Lilitoka likiwa limepasuka, siyo kama linavyotakiwa katika maneno ya dawa, lakini Nesmin hakunirudisha. Akaendelea upesi, "Hakuna maji huko aliko," na mimi nikajibu, "Maji yako kinywani mwangu. Mto uko kwangu. Moto, rudi nyuma, mama yake amefika," na nilipokuwa bado nasema nikahisi joto likishuka kifuani, nguo inalowa, na Ankhet akawahi na bakuli kabla yangu. Nililia kwa mara ya kwanza tangu lango la hekalu. Maziwa na machozi vilikuja pamoja, na Nesmin akasema kwa ukali kwamba nisogeze uso, machozi yana chumvi, yataharibu dawa.

*

Nilikwenda kila asubuhi mpaka mashamba yakawa ya kijani. Herankh aliniwekea kigoda chini ya mizabibu na maji ya kunawa miguu, akakaa mbali kidogo. Hatukuzungumza, isipokuwa juu ya mtoto: amelala, hakulala, amekula tende. Pamiu alinizoea. Akawa ananiuliza nimekula nini, ili ajue maziwa ya leo yametokana na nini, na nikimwambia samaki wa chumvi anakunja uso.

Asubuhi moja mtoto akiwa amelala, Herankh akasema, bila kunitazama, "Siku ile nilikwenda kuchota."

Nikaacha kufunga kitambaa.

"Nilimwaga maji juu ya jiwe, nikakinga kibakuli. Kikanimwagikia, nikakinga tena. Niliporudi mlangoni ulikuwa umeshaondoka. Nilikuita juu ya ukuta."

Mizabibu ilikuwa na nyuki. Nakumbuka nikiwasikiliza nyuki wale kwa makini sana. Sikuwa nimesikia mtu akiniita. Lakini nilikuwa nakimbia, na mtoto alikuwa analia. Huenda aliita. Huenda alisimama nyuma ya ubao ule mpaka nyayo zangu zikapotea, na habari ya kibakuli ikamjia baadaye, usiku mmoja, kwa sababu hakuweza kulala bila hiyo. Nilimtazama nione ni lipi kati ya hayo. Sikuona. Nadhani hata yeye hakuwa anajua tena.

"Sawa," nikamwambia.

Hilo tu. Watu wanapenda kusikia kwamba nilimsamehe. Sikumsamehe, wala sikuendelea kumchukia. Ni kama mzigo ambao mnaushusha chini kati yenu, na hakuna anayeuchukua, na siku zinapita.

Pamiu alipona, mguu mmoja ukabaki umejikunja gotini. Mimi nilipata mabinti wawili, sikupata tena mwana. Mikono ya Pakhom ilibaki na ngozi ngumu yenye kung'aa, na udongo ulimshinda kidogo kwenye kazi ndogo ndogo, kwa hiyo akawa anafanya mitungi mikubwa tu. Hatukuwahi kuwa marafiki, Herankh na mimi. Tulisalimiana kisimani. Mabinti zangu walipoolewa alileta kitani kizuri, akakiacha kwa Ankhet, ambaye alikuwa kipofu wakati huo na akakipapasa kwa muda mrefu akitafuta kasoro.

*

Mwaka alipokufa Herankh, mimi nilikuwa mjane tayari, na Ankhet tulishamzika zamani. Pamiu alikuwa mtu mzima, anapeleka punda na mizigo baharini, mtu mwenye sauti kubwa, wa kuchekesha watu kila mtaa. Alikuja asubuhi, hakuwa amenyoa, kama desturi ya aliyefiwa. Akasimama mlangoni, akahamisha uzito kwenye mguu mzima.

"Umekula?" nikamwuliza.

"Sijala."

Nikampa mkate na dengu. Akala kidogo, kwa heshima. Nilijua ana neno, nikamwacha alitafute.

"Leo wanamtoa," akasema. "Kichwani atakaa binti wa baba mdogo, yeye ndiye Nebthet. Miguuni hakuna mtu. Mama hakuwa na binti wala dada. Wanasema tukodi mwanamke wa hekaluni." Alikuwa anaukanda mkate katikati ya vidole. "Miguuni ni pa Aset. Sikutaka akae mtu wa kukodi."

Katika maziko yetu ndivyo ilivyo. Wanawake wawili hukaa na maiti njia nzima, mmoja kichwani, mmoja miguuni, kama Aset na dada yake Nebthet walivyomkalia Osiri, mume wa Aset, alipokufa, na aliye miguuni ndiye anayeanza kulia.

"Mama yako alikutuma?" nikamwuliza.

"Hapana. Hakusema chochote."

Nikaitafuta shuka yangu nyeupe ya kitani, ile ya maombolezo, nikajifunga kichwani. Vidole vyangu havikuwa vyepesi tena, akanisaidia kufunga fundo. Tukaenda pamoja kwa mwendo wake na wangu, ambao siku hizo ulikuwa mmoja.

Walikuwa wamemweka juu ya machela ya kubebea, amekwisha kufungwa kitani, uani chini ya mizabibu. Watu walinipisha. Wengine walinong'ona, wazee wanaokumbuka, na vijana wakawauliza huyu ni nani. Nikajishusha polepole mpaka nikakaa miguuni pake, na nilipoangalia kutoka pale hadi kichwani, alipokaa yule binti, palikuwa karibu sana. Ningeweza kunyoosha mkono nikamgusa.

Alikuwa mwanamke mfupi. Miaka yote ile, sijui kwa nini, nilikuwa naamini kwamba Herankh ni mrefu.

Nikaweka kiganja changu juu ya kitani, mahali vidole vya miguu vilipokuwa, nikaanza.